Mnaosambaza voisi za "chanjo ya Wayahudi" mmenichosha, na matone mlikunywa wenyewe

Wakuu nimeamka na hasira na leo sibembelezi mtu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbeya. 2022 polio ilipoibuka Malawi tukaambiwa tupeleke matone ya chanjo nyumba kwa nyumba, kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kazi yenyewe mnaijua, kiboksi cha barafu begani, chaki ya kuandika mlangoni, wino wa kupaka kidole kidogo cha mtoto ili asije akanyweshwa mara mbili, jua la kwako na mbwa wa watu. Nyumba moja mama kafunga mlango anaongea na mimi dirishani, "dada, wangu hanywi, hiyo ya Wayahudi, wanataka kutumaliza kizazi." Nikamuuliza nani kakwambia, akatoa simu akanichezea voisi, jibaba linaongea kwa kujiamini utadhani lilikuwepo kikaoni. Mtoto anachungulia pembeni yake kanyoosha kidole, maana kaona wenzake wamepakwa wino na yeye anataka. Nikaondoka.

Yule mama simlaumu sana. Ila juzi voisi ILEILE imetua kwenye gurupu letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, kaileta mtu mwenye digrii, tena anafundisha watoto wa watu! Chini yake dole gumba kibao, mmoja "mwenye masikio na asikie", mwingine "hawa jamaa ndo wenye mabenki yote". Jamani.

Sasa sikilizeni. Yale matone katengeneza Myahudi kweli, hapo hamjakosea. Anaitwa Albert Sabin, kazaliwa 1906 Białystok, leo ni Poland, miezi miwili tu baada ya Wayahudi wa mji huo kuvamiwa wakauliwa makumi kisa Uyahudi wao. 1921 familia ikahamia Marekani. Kabla hajampa mtoto wa mtu alianza kunywa yeye na familia yake, na wala hakuichukulia hatimiliki ambayo angeweza kutajirika nayo mpaka vitukuu. Ile sindano ya polio ya wiki ya 14 je? Ilianza na Jonas Salk, 1955, Myahudi. Kinga ya homa ya ini B iliyomo kwenye chanjo ya penta je? Aliyegundua kirusi cha ugonjwa huo ni Baruch Blumberg, Nobel 1976, Myahudi tena. Toa kadi ya kliniki ya mwanao hapo kabatini uisome upya halafu uniambie nani anammaliza nani.

Mjomba wangu anatembea na gongo tangu ana miaka mitatu, mguu wa kulia mwembamba kama wa mtoto, suruali inampepea upande mmoja. Kijijini kwao matone yalichelewa kufika. Mpelekeeni yeye hiyo voisi muone.

Na ile ya "wazee wao walikaa wakapanga kutawala dunia" ni maandishi ya kughushi, yametoka Urusi 1903, na 1921 gazeti la The Times la London likaonyesha yamenakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa kilichokuwa kinamsema Napoleon wa Tatu, Wayahudi hawamo kabisa! Hitler akayabeba hivyohivyo na uongo wake, wakafa Wayahudi milioni 6. Leo miaka mia imepita we uko Mbeya na bando la buku unafowadi. Hao watawala wa dunia wenyewe wakikusanywa wote hawafiki milioni 20, sisi sensa ya 2022 tulikuwa milioni 61 na maji bado yanatukatikia.

Asije mtu hapa na Gaza. Una hasira na serikali ya Israeli sema, na mimi ninayo, zile picha za watoto zinaninyima usingizi. Ila Sabin kafa 1993, kakukosea nini wewe? Au mzee wa Kiyahudi anayeenda sinagogi lake pale Nairobi?

Mtaani bahili anaitwa Myahudi, mwenye roho mbaya Myahudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kula na Myahudi meza moja. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, tena kwa kucheka, nakiri.

Haya yote niliyaandika kule kwenye gurupu. Admini akajibu "dada usituletee mambo ya dini humu." Nikamuuliza na ile voisi ilikuwa nini, mapishi? Saa tano usiku nikaondolewa, aliyeileta yupo mpaka sasa hivi anatuma salamu za asubuhi na maua.

Mweka hazina kama unapita humu, elfu thelathini yangu ya sherehe ya Desemba irudi. Namba unayo.