Ulinganisho: Glock 19, Glock 43X au rivolva ya risasi tano kwa kubeba kila siku Arusha na Moshi

Dalali_Sakina
Wakuu, habari zenu. Kibali kimepita, kilichobaki ni kuchagua. Kazi ni ya madini: Arusha wiki nzima, Moshi siku mbili tatu. Nguo ni shati la kuachia nje na suruali ya kitambaa. Muda mwingi naendesha gari, mara nyingine bodaboda. Mezani zipo tatu: Glock 19, Glock 43X, na Smith & Wesson 642 ya risasi tano. Natumia mkono wa kulia. Ipi inafichika, ipi inatunzika, na kila moja huharibikia wapi?

Fundi_UngaLtd
Mkuu, wengi huchagua 43X wakidhani ni fupi. Ukipima kutoka juu ya slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipigwa) hadi chini ya magazini (kikasha cha risasi ndani ya mshikio), 43X ni milimita 128, na 19 ni 128 vilevile. Kinachochora umbo la bastola kwenye shati ni mshikio, hasa ile kona ya chini ya nyuma, na hapo hizi mbili ni sawa. Tofauti ipo kwenye unene (28 kwa 34) na uzito: bila magazini 43X ina gramu 465 hivi, 19 ina 600. Wembamba unasaidia kukaa nayo kutwa kwenye kiti cha gari, lakini ukiinama kuokota kitu zote mbili zitajitokeza mgongoni ukizivaa nyuma ya nyonga.

Unacholipia kwa wembamba ni risasi chache na teke (msukumo wa bastola mkononi ikipigwa). 43X ina 10, 19 ina 15. Bastola nyepesi inaruka zaidi mkononi, hivyo risasi ya pili inachelewa kurudi kwenye shabaha. Mwenye kiganja kikubwa pia hukosa pa kubana. Kwa anayeanza, mimi nasema 19, mkanda mzuri, na shati saizi moja zaidi.

Kiboriloni_K
Fundi kasema kweli kuhusu mshikio, ila amezungumzia Arusha ya mwezi wa saba, watu wamevaa jaketi. Dalali anashuka Moshi pia. Moshi ya Januari na Februari ni joto, shati jepesi, jasho kutoka kifuani hadi kiunoni. Pale gramu na milimita zinahesabika kweli. Jaketi la Arusha linaficha 19 bila shida. Shati la pamba lililolowa jasho mgongoni halifichi kitu. Vitambaa vya maua au mistari mipana huficha kuliko shati jeupe tupu, na hili halikugharimu chochote.

Kwa dereva: magari yetu usukani uko kulia, kifungio cha mkanda wa kiti kiko nyonga ya kushoto. Anayetumia mkono wa kulia yuko huru na kifungio, ila ukivaa nyuma ya nyonga ya kulia, kiti na mlango vinaibana bastola na kiwiko hakina pa kwenda. Mbele, kulia kwa kitovu, mkono unafika hata ukiwa umefunga mkanda. Kasoro yake ni kwamba ukikaa, mtutu unaelekea pajani, kwa hiyo holsta (ala ya kuvalia bastola) ndiyo roho ya mpangilio wote. Nunua ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa bastola hiyo hiyo, inayofunika kifyatulio chote pande zote mbili. Kifuko laini cha kitambaa kinachodaiwa kuingia bastola yoyote kinaweza kukunjika ndani ya kinga ya kifyatulio. Usikiguse.

Mama_Njiro
Kaka Dalali, usiitupe 642 haraka. Nyundo yake imefichwa ndani, hakuna kinachonasa kwenye nguo. Ina gramu 420 hivi, na mshikio wake ni mfupi na wa mviringo, hauchori shati kama kona ya Glock. Kwa wanawake wanaovaa gauni bila mkanda inakaa vizuri kwenye mfuko maalumu wa kiunoni. Mkoba wa begani nausema kwa tahadhari: vishandu wa pikipiki wakiukwapua, umewapa silaha. Na risasi isipolipuka, unavuta tena, silinda inaleta nyingine. Huhitaji mkono wa pili.

Fundi_UngaLtd
Dada, hapo nakubali nusu. Kifyatulio cha 642 ni kizito, kama kilo 5 na nusu, wakati Glock ni karibu kilo 2 na nusu. Bila mazoezi mengi, kwa mita saba mtu anavuta mtutu kushoto na risasi inakwenda pembeni. Mtutu wenyewe ni milimita 48 tu na shabaha zake ni kinundu cha mbele na mfereji wa nyuma.

Na rivolva hukwama, tena ikikwama ni kazi ya fundi. Punje za baruti zikiingia chini ya nyota ya kutolea maganda, silinda haifungi au inazunguka kwa shida. Kwenye fremu nyepesi, teke linaweza kuchomoa kichwa cha risasi kidogo kidogo hadi kikatokeza mbele na kuzuia silinda. Fimbo ya kutolea maganda nayo hulegea nyuzi. Ikilegea, silinda haifunguki. Anayeibeba asugue chini ya nyota kwa mswaki mkavu kila baada ya mazoezi, na amwage maganda mtutu ukiwa juu ili masizi yasirudi ndani.

Meru_Magharibi
Wakuu mmechagua, sasa tuitunze. Vumbi la huku wakati wa kiangazi ni laini kama unga, na likikutana na mafuta mengi linakuwa tope la kusagia chuma. Kanuni yangu ni mafuta kidogo, mara nyingi.

Glock: toa magazini kwanza. Vuta slaidi, angalia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kwa macho na uingize kidole. Risasi zote zitolewe nje ya chumba unachosafishia. Mpangilio huu usibadilishwe, kwa sababu Glock inadai uvute kifyatulio kabla ya kuifungua, na aliyekoki (aliyevuta slaidi na kuiachia) kabla ya kutoa magazini ameingiza risasi nyingine bila kujua. Elekeza pasipo na mtu, vuta, kisha fungua. Piga mtutu brashi kutoka nyuma kwenda mbele, pitisha vitambaa hadi kitoke safi. Tone moja dogo kwenye kila mfereji wa reli za slaidi, paka utando mwembamba nje ya mtutu, na tone moja pale kona ya nyuma kulia ya fremu, kipande cha kifyatulio kinapokutana na kibati chake. Basi. Usiweke mafuta kwenye tundu la pini inayogonga risasi: vumbi na masizi yatagandamana humo na pini itagonga kwa unyonge. Ndani ya magazini pia pawe pakavu, maana mafuta yakifika kwenye fataki (kiwashio cha nyuma ya risasi) yanaweza kuiua.

WD-40 ni ya kufukuza maji, haikai kama mafuta ya kulainisha. Mafuta ya taa yanang'oa masizi lakini yanaacha chuma kitupu. Ukiyatumia lazima ukaushe na kupaka mafuta ya silaha baadaye. Kwa anayebeba kila siku Moshi, kitambaa chenye utando wa mafuta kipite juu ya slaidi na shabaha kila jioni, kwa sababu jasho ni chumvi. Usiilaze kwenye holsta ya ngozi usiku, hasa Machi hadi Mei: ngozi inashika unyevu na kutu huanzia kwenye skrubu na pini ndogo.

Dalali_Sakina
Nashukuru sana. Kuhusu chemba: Glock haina kitufe cha usalama cha nje. Watu hubeba risasi ikiwa ndani au nje?

Meru_Magharibi
Walimu wengi wa kujihami hufundisha ndani, kwa sababu kukoki kunahitaji mikono miwili na sekunde usizokuwa nazo. Sharti lake ni holsta ngumu, kidole nje hadi umeamua, na kurudisha bastola polepole ukiitazama, shati limevutwa mbali. Ncha ya shati au kamba ya jaketi ikiingia na bastola, inavuta kifyatulio sawasawa na kidole. Mpaka mikono izoee, beba chemba tupu. Ukifika nyumbani, itoe pamoja na holsta yake.

Na usikoki risasi ile ile kila asubuhi. Kila inapogonga mlango wa chemba, kichwa kinaweza kuzama kwenye ganda, na presha inapanda kwa hatari. Ilinganishe na mpya kutoka boksi lile lile kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita). Ikiwa fupi hata kwa nusu milimita, itenge, usiifyatue.

Kiboriloni_K
Kwenye duka la silaha usiseme "milimita tisa" ukaishia hapo. Glock hizi ni 9x19. Makarov ni 9x18 na kichwa chake ni kinene, milimita 9.27. Kuna 9x17 pia. Haziingiliani, na leseni inataja silaha yako.

Benki na mahakama hutaingia nayo, kwa hiyo weka kisefu cha chuma garini, kimefungwa kwa waya kwenye fremu ya kiti; dashibodi si kabati. Ukienda kunywa, inabaki nyumbani kwenye sefu.

Fundi_UngaLtd
Kabla ya kuiamini, pitisha risasi 200 kwenye uwanja unaoruhusiwa, ukitumia magazini zote. Ganda likisimama wima kwenye dirisha la slaidi, kwanza kaza kifundo cha mkono. Ikiendelea, badilisha risasi za kampuni nyingine. Ikikataa kulisha kwa magazini moja tu, ni springi au midomo ya magazini hiyo: iandike namba kwa rangi na uiache ya mazoezi. Springi kuu ya bastola ndogo huchoka mapema kuliko ya 19, hivyo ukichukua 43X agiza ya akiba siku hiyo hiyo unayonunua, na uweke daftari la idadi ya risasi.