Lantana imemeza eneo lote, nianzie wapi?

mwenye_pori
Wakuu habari zenu. Nina eneo kubwa halijaguswa miaka mingi, sasa hivi lantana, kile kichaka vamizi, imelifunga karibu lote, kuna sehemu hata mkono haupenyi sembuse mtu na panga. Lengo ni nirudishe miti ya asili na majani. Kuna jamaa kanishauri nichome moto then nipitishe tingatinga, eti kazi imeisha. Ni kweli au najitafutia balaa?

Jembe Kali
Moto usithubutu mkuu. Inaungua juu tu, kisiki kiko hai, mvua ikigusa kinatoa mashina kibao kuliko mwanzo na mbegu zilizokuwa kivulini nazo zinapata jua. Anzia pembeni kule ilikoota moja moja, ndo usogee kwenye msitu wenyewe. Najua roho inakimbilia pale palipofunga, lakini ukimalizia nguvu zote pale zile chache za pembeni zinazaa, ndege wanakula matunda wanaenda kukupandia sehemu ulizokuwa huna shida nazo.

Sururu
Naongezea, kukata bila kushughulika na kisiki ni kuipogoa tu. Kata karibu kabisa na ardhi, halafu hapo hapo paka dawa ya kuua magugu, glaifoseti au triklopa, kwa brashi, usisubiri mpaka ukamalize mstari mzima maana kidonda kikikauka dawa haiingii vizuri. Vaa glavu, soma lebo, mvua ikinukia acha. Hutaki dawa? Chimba kidogo ukate mzizi mkuu chini ya shingo (pale shina linapokutana na mzizi), sentimita chache ndani ya udongo, kisha shina ligeuze mizizi juu likauke, likigusa udongo mbichi linaweza kushika tena. Vile vichanga ving'oe kwa mkono udongo ukiwa na unyevu.

mwenye_pori
Asanteni sana. Vipi nikiingiza mbuzi wanisaidie?

Sururu
Hapana ndugu, lantana ni sumu kwa mifugo, inaharibu ini halafu ngozi inaanza kuungua na jua. Ng'ombe na kondoo ndo usiseme.

Nyasi Kwanza
Mimi kwenye moto nakubaliana na Jembe Kali, ila mashine siikatai. Eneo kubwa la tambarare, panga peke yake utazeeka nalo. Mashine ya kusaga vichaka inafungua njia, ila sharti urudi machipukizi yakiwa magotini uyapige dawa, usiporudi bora usingeanza kabisa. Kwenye mteremko au kando ya mto mashine isikanyage, toa kwa vipande vipande udongo usije ukaondoka. Na kabla hujafyeka chungulia ndani, mara nyingi kuna miche ya miti ya asili imejificha humo, ifungie kitambaa vijana wasiikate.

Kingine fungua kipande unachoweza kukirudia tu, basi. Mbegu zinakaa ardhini miaka, kwa hiyo palizi ndo kazi yenyewe, na palipo wazi mwaga mbegu za majani ya asili mapema kabla lantana haijarudi. Picha za hapo palipofunga unazo? Tuone kama mashine itapita.