Msimbati au Rondo: wapi kwanza kwa anayetaka kuona wanyama?

Mkazi wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa 8 napokea mdogo wangu na wanawe kutoka Dodoma. Bahari hawajawahi kuiona. Gari nitakuwa nalo siku moja tu. Niwapeleke hifadhi ya bahari Msimbati, huku huku Mtwara, au tupande Lindi mpaka msitu wa Rondo? Wanataka wanyama, si kuogelea.

Kaka Mikindani
Msimbati! Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi Ruvuma inapomwaga maji yake. Na mwezi huo nyangumi wenye nundu wanakuwa wameshapanda kutoka bahari ya baridi kule kusini, kuja kuzalia kwenye maji yetu ya vuguvugu.

Binti Msangamkuu
Nyangumi ni bahati, kaka, tusiwaahidi watoto. Mimi ningewaahidi mikoko. Ila dada/kaka wa Shangani, kabla ya kupanga siku uliza wavuvi habari za maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hapo ndipo tope linajaa uhai: kaa dume mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake analipunga juu chini kumwita jike, na visamaki vyenye macho juu ya kichwa vinarukaruka nje ya maji. Simameni kimya kidogo, maana mkikanyaga tu wote wanazama mashimoni. Mkifika maji yamejaa mtaona majani.

Mwana Rutamba
Nami naupenda Rondo kuliko maelezo. Komba wa Rondo ana gramu kama 60 tu, mkia wake mithili ya brashi ya chupa, na duniani kote anapatikana kwenye misitu michache ya pwani ya Tanzania. Lakini hutoka usiku. Kwa safari ya kwenda na kurudi mchana, watoto watachoka na komba hawatamwona. Huko nenda ukiwa na nafasi ya kulala.

Mkazi wa Shangani
Nimeelewa, Msimbati basi, na bamvua. Kasa je?

Binti Msangamkuu
Nao hupanda kutaga usiku, na mwanga wa tochi huwarudisha baharini kabla hawajataga. Mchana mkikuta alama za mburuzo mchangani, zifuateni kwa macho tu, msichimbe. Kiingilio lipeni kwa watu wa hifadhi wenyewe, na maji ya kunywa bebeni kutoka mjini.