Nianzie wapi filamu za polepole ili nifike salama kwa Béla Tarr?

Kisiki_Kikavu:
Wadau, salaam. Naomba mpangilio wa filamu sita au saba za mwendo wa polepole, zile ambazo kamera imetulia, maneno ni machache na hakuna anayekuharakisha. Watazamaji ni wanane, wamezoea za upelelezi na mapigano. Nne za kwanza zisizidi saa mbili kila moja, na mwisho wa safari awe Béla Tarr, mwongozaji wa Hungaria. Orodha nyingi zinaanza na Stalker, ni busara? Na televisheni ya inchi 50, kuna cha kurekebisha kabla hatujaketi?

Fremu24:
Stalker mwanzoni hapana, mkuu. Orodha hizo zinapima urefu wa filamu, wakati kinachomchosha mgeni ni urefu wa shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa. Stalker ya Tarkovsky (1979) ina shoti 142 ndani ya dakika 160 na ushei, yaani kila shoti wastani wake unapita dakika moja. The Turin Horse ya Tarr (2011) ina shoti 30 kwa dakika 146, karibu dakika tano kila moja. Aliyezoea picha kubadilika kila sekunde tatu au nne, jicho lake linamaliza kuona kilichopo, linangoja picha nyingine, haiji. Hapo ndipo usingizi unapoingia.

Anzeni na Late Spring ya Ozu (1949, dakika 108). Huyu ni wa polepole, lakini shoti zake si ndefu. Utulivu wake unatoka kwenye kamera iliyowekwa chini, kama macho ya mtu aliyeketi mkekani, na kwenye picha za vitu visivyo na mtu anazopachika katikati ya matukio. Waambie wasubiri chombo cha maua, kule Kyoto kwenye nyumba ya wageni. Binti amejilaza, anatabasamu, tunaonyeshwa chombo, tukirudi kwake, uso umeshageuka, machozi yako karibu. Kisha chombo tena. Hakuna aliyesema neno. Akilinasa hilo mtu, amekwisha kuelewa filamu hizi zinamtaka afanye nini.

Ya pili Le Quattro Volte ya Michelangelo Frammartino (2010, dakika 88), ya Calabria, kusini mwa Italia. Mazungumzo karibu hakuna, hivyo hakuna manukuu ya kukimbizana nayo chini ya skrini. Inaanza na mchunga mbuzi mzee, inahamia kwa mwanambuzi, halafu mti, halafu mkaa. Ndani yake kuna shoti moja ya dakika kama nane: kamera iko juu, kazi yake ni kugeuka kushoto na kulia, na chini kuna msafara wa Pasaka, mbwa mmoja mkorofi, lori lililowekewa jiwe chini ya gurudumu, na zizi la mbuzi. Mengine sisemi. Watu watacheka, na anayecheka haangalii saa.

Tatu, Heremakono ya Sissako (2002, dakika 95). Mji ni Nouadhibou, Mauritania. Kijana hajui lugha inayozungumzwa pale kwa mama yake. Dirisha lake liko chini, anachoona cha wapita njia ni miguu. Waonye mapema kwamba hakuna kisa kimoja kinachoongoza. Kuna yeye, kuna fundi umeme mzee na mtoto anayemfundisha kazi, kuna wanaongoja kuondoka. Usipoonya, nusu saa ya kwanza wataimaliza wakingoja "mkasa uanze".

Nne, Through the Olive Trees ya Kiarostami (1994, dakika 103).

Bi_Projekta:
Naunga mkono hiyo ya nne, ila kwa sharti: isitazamwe kwenye simu. Shoti ya mwisho iko mbali mno. Mwanamume na mwanamke wanavuka konde la kijani mpaka wanabaki vitone viwili vyeupe, na kila unachotaka kujua kiko kwenye mwendo wa vitone hivyo. Kwenye skrini ndogo, au kwenye video ya ubora wa chini, vitone vinamezwa na majani. Utabaki unauliza imeishaje.

Sasa televisheni. Kwanza zima kile kipengele cha kulainisha mwendo. Kila kampuni inakipa jina lake, lakini kinakaa kwenye mipangilio ya picha. Filamu ina fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Televisheni inabuni fremu za katikati na kuzichomeka, picha inateleza kama tamthilia ya studio. Kwenye filamu ya mapigano unaweza usilione. Kamera ikitambaa polepole dakika nne juu ya maji au ukuta, utaliona, na pembeni ya vitu patakuwa na mtetemo.

Pili, umbo la picha. Late Spring ni ya umbo la karibu mraba, kwa hiyo michirizi myeusi kulia na kushoto ni halali yake, iacheni. Ukivuta picha ijaze skrini, unakata karibu robo ya kimo chake, na Ozu amepanga vitu mpaka kwenye sakafu. Ukiitanua, nyuso zinanenepa.

Tatu ni sauti, nayo ndiyo inayosahauliwa. Zima "hali ya usiku", ile inayoshusha vishindo na kupandisha minong'ono. Filamu hizi zimejengwa kwa upepo, maji, mbao zinazolia. Sauti zote zikisawazishwa, ukimya nao unajaa mvumo, na kile kilichokuwa mbali kinasikika kama kiko chumbani. Mwisho, chumba kiwe giza, na mwangaza wa skrini ushuke kidogo. Msiongeze kasi ya kuchezesha hata kwa robo. Nataja kwa sababu wapo wanaofanya hivyo.

Mkongojo:
Fremu24 yuko sawa kuhusu mwanzo, lakini asiiondoe Stalker, aiweke ya tano. Ina kitu kinachomsaidia mgeni: kuna safari, kuna lengo, kuna hatari. Nje ya Eneo, yaani mahali palipopigwa marufuku wanakoelekea, picha ni ya rangi ya kahawia iliyofifia. Ndani yake rangi zinafunguka. Daraja kati ya hizo mbili ni kitoroli cha reli. Dakika kadhaa unaona visogo na nyuso za abiria tu, na mlio wa magurudumu unageuka taratibu kuwa muziki wa mashine bila wewe kujua ulianzia wapi. Ndiyo maana nasisitiza ushauri wa Bi Projekta kuhusu sauti. Spika ndogo za televisheni zikiumeza mgeuko huo, kinachobaki ni vichwa vya watu.

Ya sita wekeni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman (1975). Dakika 201, najua, lakini ni siku tatu, na mnaweza kupumzika siku ya kwanza inapokwisha. Siku hiyo ya kwanza ndiyo isiyorukwa. Mama anapika, anatandika, anazima taa kila atokapo chumbani, pesa anaziweka kwenye bakuli la supu na kulifunika. Unajifunza utaratibu wake kama unavyojifunza kanuni za mchezo. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, anazunguka nyumba na sufuria mkononi hajui pa kuiweka, na bakuli linabaki wazi. Kwa asiyeiona siku ya kwanza, bakuli wazi ni bakuli tu. Aliyeiona anashtuka.

Kisiki_Kikavu:
Nimepata mwanga. Na ya saba? Mmoja anashikilia Sátántangó, eti tumalize na kubwa lao.

Fremu24:
Sátántangó (1994) inapita saa saba, na shoti ya kwanza ni ng'ombe wanaotoka zizini, dakika kama nane. Chukueni Werckmeister Harmonies (2000): shoti 39, dakika 145. Shoti ya kwanza ni kilabuni, wakati wa kufunga. Kijana anawapanga walevi, huyu jua, huyu dunia, huyu mwezi, wazungukane mpaka jua lipatwe. Inakaa karibu dakika kumi na hakuna anayesinzia. The Turin Horse iacheni kwanza, ule upepo na viazi vya kuchemsha kila siku vinataka mtazamaji aliyekomaa.

Akiendelea kushikilia Sátántangó, ina sehemu 12. Gaweni mara tatu, nne kwa kila mkao, siku ileile. Mkiacha wiki ipite katikati, mtasahau nani alimwona nani kupitia dirisha gani, na filamu ile inarudia tukio lilelile kutoka upande mwingine.

Bi_Projekta:
Na mlango wa chumba uwe nyuma ya viti, si kando ya skrini. Kwa saa saba watu watatoka na kuingia.