Babu wa ukoo wa mke wangu alifungwa kwenye meli-jela Melbourne: nilipie Ancestry/Findmypast, nikomae na za bure, au nimlipe mtafiti?

kijana_wa_tanga

Wakuu habari za wikiendi. Mi niko huku Victoria, Australia, na mke ni wa huku huku. Sasa mama mkwe umri umeenda na ana hamu moja tu, ajue ukweli wa babu wa bibi yake, maana kwenye ukoo wao wanasimulia kwamba mzee aliletwa toka Uingereza na meli ya wafungwa inaitwa Success alafu akafungiwa humo humo melini hapa Melbourne miaka ya 1850. Jina tunalo, na kwamba aliiba kondoo, basi. Mi ndo mkwe ninayejua kompyuta kwa hiyo kazi imeniangukia. Naona njia ni tatu, kulipia Ancestry au Findmypast (tovuti za kulipia za kutafuta ukoo), kukomaa na tovuti za bure za nyaraka za serikali, au kumlipa mtafiti afanye yeye. Aliyewahi kufuatilia wafungwa wa kwenye meli aniambie ipi inalipa. Hela ipo ila si ya kuchezea.

MamaNyaraka

Mkwe mwema wewe, mpe mama shikamoo yangu. Usilipe kitu kwanza. Hiyo hadithi ya Success haiwezi kuwa kweli yote, ile meli ilijengwa Burma 1840, ikabeba mizigo na wahamiaji wa kawaida, haijawahi kuleta wafungwa Australia hata siku moja. Ilikuwa jela tu. Dhahabu ilipogunduliwa Victoria 1851 mabaharia walizitelekeza meli wakakimbilia machimboni, bandari ikajaa meli hazina watu na huku mjini magereza yamefurika, ndo serikali ikachukua meli tano, President, Success, Sacramento, Lysander na Deborah, ikazitia nanga mbele ya Williamstown ikasomba wafungwa ikawatia humo. President na Success zilikuwa za wale sugu, pingu miguuni. Mwaka 1857 wafungwa waliokuwa wanachimba mawe pale ufukweni walimvamia mkuu wa magereza mwenyewe, John Price, wakamuua, na saba walinyongwa kwa hiyo kesi.

Miaka mingi baadaye wafanyabiashara wa maonyesho waliinunua Success wakaizungusha mpaka Uingereza na Marekani wakiitangaza kuwa ni ya 1790 na ilisafirisha wafungwa, watu wanalipa kiingilio wanaingia kuangalia vyumba vya giza, mpaka ikaungua ziwa Erie 1946. Ukoo ukisikia matangazo kama hayo lazima babu yao wampandishe humo!

Kwa hiyo fungua PROV, hifadhi ya nyaraka ya jimbo lako, tafuta rejista kuu ya wafungwa wanaume, namba yake VPRS 515. Ni bure na kurasa zenyewe zimeshapigwa picha. Ukimpata usikimbilie kosa lake, angalia pale palipoandikwa jina la meli iliyomleta na mwaka aliofika, hapo ndo utajua alikujaje.

Binti_Ukerewe

Dada MamaNyaraka nakubali kwa Victoria ila usimfundishe mtu kwamba bure inatosha kila mahali. Mi nafuatilia upande wa mume wangu huku Uingereza na mzee wao alipelekwa meli-jela za Bermuda. Kule walifunga watu melini 1824 hadi 1863, wakawajengesha bandari ya jeshi la majini, na wakimaliza hawaachwi wakae kisiwani, wanarudishwa. Sasa hukuti ile historia ndefu ya mtu kama ya Australia ambako alibaki akaoa akazaa. Kinachobaki ni makaratasi yaliyoko Kew, hifadhi ya taifa ya nyaraka kule London. Kuna HO 9, rejista za meli-jela, hizo Ancestry wanazo za 1802 hadi 1849, na kuna HO 8, ripoti za kila miezi mitatu kuanzia 1824 mpaka 1876, hizo mi nilizipata Findmypast. HO 9 inakupa mstari mmoja, namba, jina, umri, kosa, alihukumiwa wapi na lini, alafu mwisho alipelekwa wapi au alikufa. HO 8 ndo tamu maana unamuona mtu huyo huyo robo hadi robo, afya yake na tabia yake, robo hii mzima, ijayo mgonjwa. Kwa Bermuda na Gibraltar (hiyo ilikuwepo 1842 hadi 1875) lipa tu, hutakwepa.

Ila lipa kwa akili jamani. Andika orodha ya kila unachotaka kwanza, lipia mwezi mmoja, pakua kila ukurasa, kata. Alafu maktaba nyingi za umma zina Ancestry bure ukikaa mle ndani, na vituo vya FamilySearch (shirika la kutafuta ukoo bure) vilevile.

Chapakazi

😂😂 yaani Waswahili tumefika hatua ya kutafutia wazungu mababu zao wezi wa kondoo, babu yangu mimi alifungwa enzi za mkoloni na mpaka leo hatujui hata jela gani

MamaNyaraka

Chapakazi cheka tu ila usidhani wafungwa wote walikuwa wazungu. John Caesar alikuwa mtu mweusi, wengine wanasema asili yake Madagaska, alihukumiwa Maidstone 1786, akakaa meli-jela ya Ceres mto Thames, akafika Sydney na msafara wa kwanza kabisa wa meli za wafungwa 1788, akatorokea porini na bunduki mpaka akapigwa risasi 1796. Billy Blue naye mweusi, aliiba sukari, akaoza kwenye meli-jela zaidi ya miaka minne kabla hajasafirishwa, alivyofika Sydney 1801 na kumaliza kifungo akawa mwenye mitumbwi ya kuvusha watu, na ile Blues Point pale bandarini ni jina lake. Na David Stuurman, chifu wa Wakhoi wa Afrika Kusini, alitoroka kisiwa cha Robben mara mbili, wakamfukuzia New South Wales 1823 akafia huko. Na la babu yako fungua uzi wake, tutasaidiana.

kijana_wa_tanga

Wakuu nimempata!! VPRS 515, alifungwa 1854, alianza President kisha akahamishiwa Success, kwa hiyo ukoo hawakutunga yote. Futi 5 inchi 4, ana nanga mkono wa kushoto, anajua kusoma ila hajui kuandika, na pembeni kuna mistari ya adhabu mpaka karani kaishiwa nafasi kaanza kuandika kwa kubana. Kosa la huku ni wizi wa barabarani wala si kondoo. Sehemu ya meli imeandikwa meli nyingine kabisa, mwaka 1842. Sasa hapo ndo nalipia Ancestry?

dada_wa_hobart

Bado mkuu, tulia. Kama ni 1842 na ni meli ya wafungwa basi huyo alishukia Tasmania, maana New South Wales walishaacha kupokea tangu 1840. Nenda tovuti ya Libraries Tasmania, wanaotunza nyaraka za jimbo hilo, faharasa ya majina, bure, umtafute kwenye CON33, rejista za mwenendo wa wafungwa. Ukurasa mmoja unakuwa na kila kitu: kazi yake, alama za mwili (mfananishe na hiyo nanga, majina yanafanana sana usije ukamletea mama mkwe babu wa watu), maneno yake mwenyewe kuhusu kosa lililomleta, makosa yote ya huku, na uangalie juu kabisa, huwa wanaandika ripoti ya tabia yake alipokuwa meli-jela kule Uingereza. Yaani meli-jela ya kwanza unaipata bila kulipa. Hapo ukishajua alihukumiwa wapi na lini ndo uingie HO 9 maktaba, dakika chache umemaliza.

Digital Panopticon, tovuti ya kufuatilia maisha ya wafungwa, nayo ni bure ila imejengwa juu ya waliohukumiwa mahakama ya Old Bailey, London. Mwizi wa kondoo wa mashamba usitegemee kumkuta.

Binti_Ukerewe

Na mtafiti je, maana aliuliza. Mi nililipa mmoja akaniletea vitu vilevile vilivyoko mtandaoni kwenye faili zuri lenye ribani, iliniuma. Mtafiti anafaa kwa kitu kimoja tu, karatasi ambazo hazijapigwa picha. Ukijua wilaya, mwambie aende ofisi ya nyaraka ya wilaya hiyo atafute mashtaka na maelezo ya mashahidi, na kama kesi ilikuwa mahakama kubwa ya kuzunguka basi ni Kew, mafaili ya ASSI. Mpe namba za faili wewe mwenyewe, mkubaliane masaa kabla, na mwambie wazi hutaki historia ya meli-jela kwa ujumla, unataka picha za kurasa.

kijana_wa_tanga

Poa sana dada zangu. Basi mpango ni nyaraka za Tasmania leo usiku, maktaba Jumamosi, mtafiti tutaona kama mama ataendelea kung'ang'ania. Chapakazi, weka jina la mkoa wa babu yako hapa.