Naomba ushauri: moshi wa taka za wifi na pumu ya mtoto

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Tunaishi Mbagala kwenye nyumba ya familia, ua mmoja na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Hataki kulipa ada ya taka, anazichomea nyuma ya nyumba: mifuko ya nailoni, chupa za plastiki, hadi pampasi. Yeye anaokoa hela, gharama inatuangukia sisi. Binti yangu ana pumu. Moshi ukishaingia dirishani, kifua kinambana, anapumua kwa mluzi, na dawa yake ya kuvuta inaisha mapema. Nguo kwenye kamba nazo zinajaa masizi.

Nilijitolea kumlipia hiyo ada, akaona namdharau. Mume wangu anasema nivumilie tu. Lakini plastiki ikiungua inatoa sumu kama dioksini, na wanae wifi wanavuta moshi huohuo!

Je, nianzie kwa mama mkwe au niende moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa? Na kama kuna aliyewahi kumfikisha ndugu kwa bwana afya, alifanyaje undugu usivunjike?