Mzazi hawezi kulala chali wiki 2 baada ya kujifungua

Mkunga_Zamu: Wakuu, naomba msaada. Mzazi amevimba miguu, anachoka haraka na usiku anakohoa. Kwenye zahanati isiyo na eko (kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo), tunajuaje kama ni moyo, nimonia, upungufu wa damu au uchovu tu wa uzazi? Na kabla ya rufaa tumpe nini?

Tabibu_Moyo: Ninachoshuku ni kadiomiopathi ya uzazi, yaani misuli ya moyo kudhoofika mwishoni mwa mimba au baada ya kujifungua. Usianze na miguu, wazazi wengi huvimba. Muulize analalaje. Anayeegemea mito 2 au 3, au anayekurupuka usiku kutafuta hewa, huyo hana uchovu wa kawaida. Hesabu mapigo: zaidi ya 100 akiwa ametulia ni dalili mbaya. Mwegemeze nyuzi 45 uangalie mshipa wa shingo kama umetuna, kisha sikiliza chini ya mapafu, pande zote mbili. Nimonia mara nyingi huja na homa na hushika upande mmoja. Damu pima, ila HB (kiwango cha damu) ya 8 peke yake haimzuii mtu kulala chali.

Kabla ya gari kufika: mkalishe miguu ikining'inia, oksijeni kama kipimo cha kidole kinasoma chini ya 90, na furosemidi (dawa ya kutoa maji kwa mkojo) miligramu 40 ya mshipa iwapo namba ya juu ya presha haiko chini ya 90. Kosa kubwa ni dripu. Anaonekana dhaifu, anatundikiwa lita nzima, na moyo uliokwisha kuelemewa unayarudisha maji mapafuni. Hata damu ikilazimu, iende polepole.

Eko ikionyesha chumba cha kushoto kinasukuma chini ya asilimia 45 ya damu yake, na sababu nyingine haipo, basi ndiyo kadiomiopathi ya uzazi. Usiichanganye na valvu ya moyo iliyobanwa na ugonjwa wa rumatiki; hiyo huanza kusumbua tangu katikati ya mimba. Kadiomiopathi ya uzazi wengi huwapata mwezi wa kwanza baada ya kujifungua.

Bi_Mfamasia: Naongezea dawa. Enalaprili (dawa ya kupunguzia moyo mzigo) ni ya baada ya kujifungua, haina shida kwa anayenyonyesha. Mjamzito hapewi kabisa, humharibia mtoto figo. Bromokriptini miligramu 2.5 kwa siku, siku 7, huzima prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo kipande chake kinadhaniwa kuharibu mishipa midogo ya moyo. Ila maziwa yanakauka na damu huganda kirahisi, kwa hiyo huenda pamoja na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), hospitalini.

Mkunga_Zamu: Ahsanteni. Kina mama wanauliza kama kukandwa maji ya moto ndiko kunakoleta ugonjwa huu.

Tabibu_Moyo: Dhana hiyo ilitokea Zaria, Nigeria, ambako mzazi wa Kihausa huogeshwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa magadi, *kunun kanwa*. Miaka ya 1970 vilishukiwa sana; tafiti za baadaye za hukohuko hazikuona uhusiano. Mimi ningeuliza kwanza kama alikuwa na kifafa cha mimba au mapacha.

Bi_Mfamasia: Na uzazi wa mpango usisubiri kliniki ya wiki 6. Kijiti au kitanzi, si vidonge vyenye estrojeni. Msukumo wa moyo kwenye eko ukibaki chini ya asilimia 50, mimba nyingine haishauriwi.